Vidole Vinne Ukingoni

Nilikuwa nimetegemea machozi. Nisidanganye, nilikuwa nimeyapangia kabisa. Ningeingia na zawadi imefungwa kwa karatasi ya kaki, yeye angeifungua pole pole, angeona fremu ya dhahabu, na huyu mwanamke ambaye sikuwahi kumwona akilia mbele ya mtu angetafuta leso kwenye mkoba. Badala yake aliisimamisha picha yangu kiubavu kwenye meza ya chakula, nyumbani kwake mtaa wa Jamhuri, Nairobi, wala uso wake hakuutazama. Akapitisha kidole gumba pembeni, upande wa kushoto, kutoka juu hadi chini. Akarudia mara ya pili. Halafu akauliza kwa sauti ya kawaida kabisa, "Ukingo uko wapi?"

Nikamwambia fundi wa fremu ameukata, mbao zilikuwa zimeoza. Nilisema hivyo nikitabasamu, kwa sababu bado nilikuwa nangoja kusifiwa.

Akakaa bila kuangalia kama kuna kiti. Bahati nzuri kilikuwepo. Midomo ilimpauka, mikono ikabaki mezani imefunguka, na mimi nikasimama pale na karatasi yangu ya kaki nikijiuliza nimeua nini.

Alikuwa mkuu wa chuo chetu cha sanaa, na mimi nilikuwa mwanafunzi wake kabla ya kuwa mwalimu chini yake. Chuo kiko mjini, ghorofa ya tatu, juu ya maduka ya mabomba na misumari, hatua chache kutoka River Road. Lifti ilikufa kabla sijafika na hakuna aliyeifufua. Yeye alipanda zile ngazi kila asubuhi kabla ya bawabu, mwanamke mnene wa Ukambani mwenye viatu visivyo na kisigino, na sisi tukiwa bado tunahema kwenye ghorofa ya pili tulishasikia funguo zake juu. Tulimwita Madam. Hata mume wake akipiga simu ofisini alisema, "Nipe Madam."

Hakuwahi kugusa karatasi ya mwanafunzi. Walimu wengine wanakunyang'anya penseli wakusahihishie, lakini yeye alisimama nyuma yako mpaka kosa ulione mwenyewe, na ukichelewa kuliona jasho lilikutoka. Maneno yake yalikuwa machache na sote tulijua kuyaigiza. Ukimchora mtu alikuuliza, "Huyo ni nani?" Ukijibu kwamba ni mtu tu, ulianza upya. Akikuona unabuni kitu usichokijua, alisema, "Usiguse pale hujui." Tulimcheka sana kwenye ngazi. Leo nayasema hayo hayo darasani kwangu, na najua wananicheka kwenye ngazi zile zile.

Halafu kulikuwa na sheria ya kanvasi. Kanvasi, kitambaa cha kuchorea kilichowambwa kwenye fremu ya mbao, ni ghali, na sisi tulikuwa watoto wa makarani, mafundi na wauza mboga. Kwa hivyo Madam aliweka sheria kwamba siku ya kufungua mwaka, picha yoyote itakayokutwa stoo haina mwenyewe, iwe ya mwanafunzi, ya mwalimu au yake yeye. Unaingia, unachukua kanvasi kuukuu, unaipiga msasa, unaipaka nyeupe, unaanza yako. Hata kupiga msasa alitufundisha. "Anza pale rangi ni nene," alisema. "Ukianza pale nyepesi utatoboa kitambaa kabla hujamaliza." Siku ya kufunga mwaka alituambia kwa uso mkavu, "Picha usiyoichukua, umeitoa."

Katika mwaka wangu wa mwisho niliingia stoo wa kwanza, maana mimi si mtu wa kungoja foleni. Nikavuta kanvasi moja kubwa kutoka nyuma ya kabati, ilikuwa imegeuzwa ukutani. Nikaipeleka kwenye meza, nikaipiga msasa asubuhi nzima, nikaipaka nyeupe, na siku iliyofuata nikaanza kumchora mama yangu.

Mama alikuwa anakaanga samaki mtaani Kawangware. Tulikuwa tumetoka magharibi mwa nchi nikiwa mdogo, na kile kikaango ndicho kilichonilipia karo. Nilimchora ameinama juu ya mafuta, jicho moja limefungwa kwa moshi. Madam hakuwepo siku hizo. Alikuwa amekwenda kwao kumzika mama yake, na alirudi wiki ya tatu. Nakumbuka siku aliyorudi. Alipita kwenye meza zote, akafika kwangu, akasimama nyuma yangu. Akasimama sana. Wenzangu walianza kugeuka. Mimi nilivimba kichwa, nikajua leo Madam amekutana na kipaji.

"Huyo ni nani?" akauliza hatimaye.

"Ni mama yangu, Madam."

"Basi mmalize vizuri," akasema, akaenda ofisini, akafunga mlango.

Picha ilipokwisha aliitundika ofisini kwake. Nilijivuna kwa wiki moja, kisha nikaanza kununa, kwa sababu aliitundika vibaya. Aliiweka ukutani kando ya dirisha, karibu na kiti chake, mahali ambapo wageni waliiona kwa shida na yeye mwenyewe akiinua kichwa aliona ubavu wake tu. Halafu hakuitia fremu. Mwaka ukapita, miaka ikapita, nikaajiriwa pale pale, picha iko uchi vile vile. Nikimwambia tuiwekee fremu anajibu iko sawa. Mama mmoja wa mtaa wa Karen, mwenye nyumba ya maonyesho ya sanaa, alipanda ngazi zetu mpaka juu, akaiona, akataka kuinunua. Madam alikataa hata kuishusha aitazame kwenye mwanga. Nilimkasirikia miaka miwili mizima. Nilisema kwa walimu wenzangu kwamba yule mwanamke ni mkono wa birika, hata kipande cha mbao cha kupambia picha kinamuuma, na tena hapendi wanafunzi wake wainuke. Nilisema mengi. Yote nayakumbuka sasa moja moja.

Alipostaafu mwaka huu, mimi ndiye niliyeachiwa kiti chake. Walimu wakaniuliza tumpe nini, nikasema niachieni mimi. Nilijua hasa la kufanya. Nitachukua ile picha, niitie fremu kama zile nilizoziona kwa yule mama wa Karen, dhahabu yenye maua kwenye pembe, nimpelekee nyumbani. Ukiniuliza kwa ukweli, nusu ya zawadi ile nilijipa mwenyewe. Nilitaka kwa mara moja picha yangu ivae nguo.

Fundi wangu wa fremu yuko River Road, kwenye ghorofa ya chini ya ardhi, kwenye chumba kilichojaa vumbi la mbao. Aliigeuza picha, akagonga mbao za nyuma kwa kucha, unga ukamwagika. "Mwalimu, hii imeliwa na wadudu. Fremu ya ndani lazima nibadilishe." Nikamwambia abadilishe. Hiyo ilikuwa Alhamisi. Jumamosi asubuhi nikaichukua, imenyooka, inang'aa, nikaipeleka Jamhuri moja kwa moja.

Ndipo Madam akauliza ukingo uko wapi.

Nilimletea maji, hakuyanywa. Nikamuuliza kama ni presha, nimtafutie dawa. Akatikisa kichwa. Kisha akasema, akiangalia kitambaa cha meza, "Binti yangu alikuwa na miaka sita."

Nilifikiri amechanganyikiwa. Nimekaa na mwanamke huyu zaidi ya miaka ishirini. Najua dawa zake, najua namba ya viatu vyake, nimecheza kwenye harusi za watoto wake wawili wa kiume. Binti hakuwahi kutajwa hata siku moja, si na yeye, si na mumewe, si na hao wavulana.

Aliniambia bila kupandisha sauti. Mtoto alishikwa na homa wakati wa likizo huko kwao, akafa ndani ya siku mbili. Kulikuwa na picha zake mbili tu za kamera. Mume wake alizitia kwenye jeneza, kifuani pa mtoto, bila kuuliza mtu. "Alifikiri anamsindikiza," akasema Madam. "Siwezi kumlaumu." Tangu hapo mume hakutaka jina lile litajwe ndani ya nyumba, basi halikutajwa. Kwa hivyo Madam alimchora mtoto chuoni, masomo yakiisha, yeye peke yake, kabla hajasahau.

"Alikuwa na mchezo wake," akaendelea. "Anajificha nyuma ya mlango, anashika ukingo kwa vidole vinne, ndipo anachungulia. Nilimchora anachungulia. Vidole nikavizungusha pembeni mwa kanvasi, kama ameshika kweli."

Nilianza kuelewa kabla hajamaliza, na nilitaka anyamaze. Alisema aliiweka picha ile nyuma ya kabati la stoo, imeangalia ukuta, na kila mwaka kabla ya kufungua aliitoa akaificha ofisini. Mwaka ule mama yake alikufa. Akasahau.

"Niliporudi," akasema, "ulikuwa umefika kwenye shingo ya mama yako."

Nilisikia ule msasa mkononi, ukwaruzaji wake, vumbi la rangi likinishukia mapajani, na asubuhi ile yote nilikuwa naimba. Na kwa kuwa mimi nikishtuka hugeuka mkali, nilimfokea mwanamke aliyefiwa, kwenye meza yake. Nikamuuliza kwa nini hakuniambia, kwa nini aliniacha nimalize, kwa nini aliniacha miaka yote hii niringe nayo.

"Ningekuambia nini?" akasema. "Sheria ni yangu. Na wewe ulikuwa unamchora mama yako."

Hapo ndipo nikakumbuka ule ukingo. Nilikuwa nimeuona mara elfu. Madoa ya kahawia pembeni, upande wa kushoto, manne, yamepangana. Nilidhani ni rangi iliyochuruzika. Msasa niliupiga mbele tu, pembeni sikujisumbua, kwa uvivu. Uvivu wangu ndio uliomwachia vile vidole, akavitazama kila siku kutoka kwenye kiti chake, na kwa sababu hiyo hakutaka fremu, kwa kuwa fremu ingevifunika. Mimi nikaenda nikavikata.

Nilitoka bila kuaga. Nikasimamisha pikipiki Ngong Road na kumwambia dereva akimbie.

Fundi alikuwa anakula ndizi. Nikamuuliza alikata vipi, vipande viko wapi. Alinitazama akaona hali si nzuri, akaweka ndizi chini. "Mwalimu, zile pini zilikuwa zimeshika kutu. Ningezivuta kitambaa kingeraruka. Nikapitisha tu kisu pembeni. Kitambaa kidogo kilibaki kwa mbao ya zamani."

"Na mbao?"

"Mbao nilipatia yule mama wa githeri. Huwa namwekea za kuwasha moto."

Mama wa githeri hupika mahindi na maharagwe yake kwenye kichochoro nyuma ya jengo, sufuria kubwa juu ya mawe matatu, na wajenzi na wapiga chapa wanakula wamesimama. Nilipofika sufuria ilikuwa inachemka. Nikaona mbao nyembamba zimeingizwa chini, ncha zake zinawaka, na kwenye moja kitambaa cha kanvasi kinajikunja cheusi. Nilipiga magoti kwenye jivu nikaanza kuzivuta kwa mikono. Kovu la kidole hiki bado lipo. Watu waliacha kutafuna.

"Wewe dada, utamwaga chakula ya watu," mama yule akasema, akanishika bega kwa nguvu.

Nilimwambia natafuta mbao moja, ina rangi pembeni, ya kahawia. Nilikuwa naongea vibaya, sidhani alisikia nusu.

"Ile iko na vidole?" akauliza.

Nikaitikia kwa kichwa.

Akazunguka nyuma ya mitungi ya maji, akainua gunia, akatoa ubao mmoja mrefu. "Hii nilikataa kuchoma. Nilikuwa nishainua panga niikate, nikaona vidole vya mtoto. Nikasema hapana. Mimi nitachoma aje vidole vya mtoto, na watu wanakula hapa? Nikafunika, nikasema mwenyewe atakuja."

Nikauchukua. Kwa mara ya kwanza katika miaka yote hiyo nilivitazama. Vilikuwa vinne, vidogo, rangi imepasuka kwenye viungo, kila ukucha umechorwa kwa uangalifu, na ule wa kidole cha shahada ulikuwa mwekundu, kama watoto wanavyojipaka wakipata rangi ya kucha ya mama. Mimi, mwalimu wa kuchora, niliviita madoa. Mwanamke aliyekuwa anatafuta kuni aliviona mara moja. Nilikaa juu ya mtungi wa maji nikalia mbele ya wajenzi, na yule mama akanichotea githeri kwenye bakuli bila kuniuliza kitu.

Niliporudi Jamhuri jua lilikuwa bado kali. Madam alikuwa kwenye kiti kile kile. Mumewe alikuwa amerudi, nikamwona kupitia dirishani nyuma ya nyumba, anamwagilia sukuma wiki. Niliufunua ubao mezani. Madam aliweka gumba lake juu ya vidole vile, pale pale alipokuwa ameweka asubuhi akakuta fremu tupu. Nilitaka kuomba msamaha na nilikuwa nimeuandaa njiani, mrefu. Akaniwahi.

"Ulipokuwa unapiga msasa," akasema, "ulimwona?"

Ningeweza kudanganya. Ningesema picha ilikuwa na vumbi, sikuona vizuri. Lakini macho yale yalikuwa yamesimama nyuma yangu miaka mingi na sikuwahi kuyashinda.

"Nilianza na uso, Madam. Rangi ilikuwa nene hapo."

Aliinamisha kichwa. "Ndivyo nilivyowafundisha," akasema.

Angenipiga kofi ningeona afadhali. Maji ya bomba yalisikika nje, mzee anahamisha mpira kutoka tuta moja hadi lingine.

"Kabla ya hapo," akasema. "Kabla hujaanza. Uliona nini?"

Nikafumba macho. Nikarudi kwenye meza ile, stoo wazi nyuma yangu, kanvasi nimeigeuza, msasa bado mkavu. Na akaja. Si wote, mdomo tu. Mtoto anacheka na jino moja la mbele hana. Nilikumbuka nilicheka, nikamwita msichana wa meza ya pili nikamwambia njoo umwone huyu kibogoyo. Nikamweleza Madam hivyo hivyo, pamoja na neno kibogoyo, kwa sababu ndivyo ilivyokuwa.

Alinishika mkono.

"Pengo lilikuwa upande gani?" akauliza. "Nimejaribu miaka mingi. Nalala nikijaribu. Sikumbuki."

Sikuwa nimewahi kusikia Madam akisema hakumbuki. Mwenye mtoto amesahau, baba alizika picha, ndugu zake walikuwa wadogo mno, na mtu wa mwisho duniani kuuona ule uso nilikuwa mimi na kipande cha msasa.

"Kushoto kwake," nikasema. "Kulia kwangu."

"Una hakika?"

"Nina hakika, Madam. Nilianzia hapo."

Halafu akanyanyuka, akashika meza, akaenda kwenye droo ya kabati na kurudi na karatasi na penseli iliyochongwa kwa kisu. Akaziweka mbele yangu. Akazunguka na kusimama nyuma yangu.

Nilichora mdomo. Mdomo wa juu, mdomo wa chini, jino moja la mbele, na kando yake lile pengo, nafasi nyeupe niliyoiacha bila kuigusa. Nikapeleka penseli juu nianze pua, nikasikia pumzi yake imekatika nyuma yangu, nikakumbuka. Pua sikuijua. Nikaweka penseli chini.

Karatasi ilikuwa kubwa na mdomo ulikuwa mdogo katikati yake. Madam aliuchukua ule ubao akaulaza kando ya karatasi, upande wa kushoto, vidole vikiangalia ndani. Akainama mpaka nikasikia joto la shavu lake.

"Ndiye," akasema. Halafu akaenda dirishani, akakigonga kioo kwa pete yake, akamwita mumewe aingie ndani.